Kusoma afya ya mazingira chuo kikuu: anza na birika la kwenu

Kabla hujajaza fomu yoyote, ingia choo cha nyumbani kwenu, au cha bibi yako kama nyinyi mmeshahamia nyumba za matofali, uchungulie birika. Nyumba nyingi za mawe hapa Lamu zina birika la chokaa pembeni mwa choo, la maji ya kutawadhia na kuogea, na ndani ya maji mna samaki wadogo kama kidole cha mtoto. Birika la bibi yangu, mtaa wa Mkomani, lilikuwa na bakuli la kauri limejengewa chini kabisa. Nikiwa mdogo nilidhani ni pambo. Siku moja ya kuosha birika, maji yakatolewa kata kwa kata mpaka yakaisha, nikaona samaki wote wamekimbilia mle bakulini, na maji yaliyobaki humo yanawatosha. Bibi akaniambia, "Hawa ndio wala viluwiluwi. Wakifa hawa, usiku hatulali."

Aliyelijenga birika lile hakupata kulisikia jina la mbu Aedes, lakini alijua mbu aanzia wapi, akamkatia njia kabla hajaota mbawa. Chuo kikuu kitakufundisha kufanya vivyo hivyo kwa maji, chakula, taka, vyoo, machinjio na karakana, tena kitakufundisha kupima kama ulichokifanya kimefaa. Ikiwa habari ya bakuli lile imekupa hamu ya kujua zaidi, endelea kusoma. Ikiwa umesukumwa tu na neno "afya" kwa sababu hukupata nafasi ya udaktari, nakuomba ufikiri tena, maana miaka minne ni mingi.

Mimi ni afisa wa afya ya umma. Wazee wa mtaani waniita "bibi afya", kama walivyowaita wenzetu wa zamani "bwana afya". Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, vijana hunijia barazani na maswali yaleyale, nami huwajibu mbiombio kwa sababu niko njiani kwenda kazini. Haya ndiyo majibu yangu kwa utulivu.

Jina la shahada lisikudanganye

Hapa ndipo watu wanapopotea, na hasara yake ni kubwa. Afya ya mazingira, sayansi ya mazingira na usimamizi wa mazingira ni majina yaliyofanana, lakini kila moja lafungua mlango wake. Sayansi na usimamizi wa mazingira humtazama msitu, mkoko, udongo, hali ya hewa na matumizi ya ardhi. Afya ya mazingira humtazama mtu: ni kitu gani kilichomzunguka kitakachomfanya augue, na kitamfikia kwa njia ipi. Zote ni elimu nzuri. Lakini ukitaka kuwa afisa wa afya ya umma, anayekagua hoteli, kisima na ramani ya nyumba, lazima usajiliwe na Baraza la Maafisa na Mafundi wa Afya ya Umma, lililowekwa na sheria ya mwaka 2013. Na Baraza husajili waliotoka kwenye kozi ilizozikubali tu.

Nina rafiki aliyesoma miaka minne katika chuo ambacho sitakitaja, shahada yenye jina refu na zuri, afya na mazingira yote yamo. Alipokwenda kujisajili akaambiwa kozi yake haitambuliwi. Alilia mbele yangu, na hakuwa na la kufanya isipokuwa kuanza upya na diploma. Kwa hivyo uliza Baraza lenyewe, kwa maandishi, kabla hujachagua: kozi hii, ya chuo hiki, mwaka huu, yakubaliwa? Usiridhike na kijana aliyesimama kwenye meza ya maonyesho akigawa karatasi za rangi.

Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na Chuo Kikuu cha Kenyatta vyote vimekuwa vikitoa shahada ya afya ya mazingira, na wengi wa maafisa utakaokutana nao pwani wametoka huko au KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Kuingia shahada wahitaji wastani wa C+ kwenye KCSE, kisha KUCCPS, idara inayogawa nafasi za vyuo, huangalia alama zako za masomo ya kundi: biolojia na kemia ndizo nguzo, halafu hisabati, na fizikia au jiografia kutegemea chuo. Usipofikisha C+, diploma ya KMTC si njia ya aibu hata kidogo. Nimefanya kazi na wenye diploma waliokuwa wakisoma kisima kwa macho vizuri kuliko mimi niliye na shahada, na baadaye waweza kupanda.

Hesabu, na kisima nilichokiharibia jina

Vijana huniambia, "Dada, mimi hisabati siipendi, ndiyo maana nataka afya." Niwaeleze kilichonipata.

Nilikuwa mwaka wa tatu, niko kwenye mazoezi ya kazini, yale ambayo sote twayaita atachimenti, katika kijiji kimoja cha visiwani. Watoto walikuwa wakiharisha, na kijiji kizima kilikuwa kikinywa kisima cha msikiti. Nikapewa kazi ya kukitia klorini. Hesabu yake ni hii, nawe isome polepole maana utaifanya maisha yako yote. Pima upana wa kisima, ugawe kwa mbili upate nusukipenyo. Zidisha nusukipenyo kwa nusukipenyo, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina cha maji. Kisima kile kilikuwa na upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 2. Nusukipenyo chake ni 0.6. Mara 0.6 ni 0.36, mara 3.14 ni 1.13, mara 2 ni 2.26. Hizo ni mita za ujazo, yaani lita 2,260. Ukitaka kila lita ipate miligramu 1 ya klorini, wahitaji gramu 2.26 za klorini. Lakini dawa nyeupe ya HTH si klorini tupu. Ikiwa na nguvu ya asilimia 65, gawa 2.26 kwa 0.65, upate gramu 3.5 hivi. Kijiko cha chai hakijai.

Mimi nilisahau kugawa upana kwa mbili. Nikazidisha 1.2 kwa 1.2, na dawa ikawa mara nne ya ile iliyotakiwa. Msimamizi wangu alikuwa upande wa pili wa kijiji akikagua vyoo vya skuli, wala sikumwomba mtu yeyote aiangalie hesabu yangu.

Alasiri mzee mmoja akaja kutawadha. Akateka ndoo, akainusa, akaimwaga mchangani. Akanitazama, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa haya twatawadhia?"

Sikuwa na jibu, na hakuna mhadhara ulionitayarisha kwa swali lile. Maji yenyewe hayakuwa sumu: kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 5 za klorini kwa lita, nasi hatukukivuka. Lakini fikiria yaliyokuwa kichwani mwa mzee yule. Sisi pwani wengi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi. Tumefundishwa tangu madrasa kuwa maji yakishafika kulateni, yaani kiasi kikubwa kilichowekwa na sheria ya dini, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, harufu au ladha. Asubuhi sisi vijana wa chuo tulikuwa tumesimama pale kisimani tukawaambia watu kuwa maji yao ni machafu. Wao wakasikia "najisi", wakakasirika, kwa sababu maji hayakuwa yamebadilika chochote. Alasiri sisi wenyewe ndio tukayabadilisha harufu.

Kufika magharibi wanawake walikuwa wameshahamia kisima cha zamani kilicho nyuma ya vyoo, kisicho mfuniko wala ukingo. Dawa yangu iliwapeleka watoto wale kwenye maji mabaya zaidi. Nikisema nilikosa usingizi usiku ule, nasema kweli.

Tulikwenda kwa imamu, mimi na msimamizi. Nikamweleza kosa langu la hesabu bila kulifunika. Nikamwambia pia kwamba hatukukusudia kusema maji yao ni najisi. Tulichokipata maabara ni vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vitokavyo kwenye kinyesi, ambavyo havibadilishi rangi wala ladha. Imamu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi semeni hivi: maji ni twahara, lakini si salama kuyanywa. Hilo watu watalifahamu." Akalitangaza mwenyewe baada ya sala ya isha. Siku ya tatu harufu ilikuwa imekwisha, na ndoo zikarudi.

Tangu siku hiyo sisemi "maji machafu" mbele ya watu. Nasema si salama kunywewa mpaka yachemshwe au yatiwe dawa. Na hesabu ya dawa yoyote huifanya mtu wa pili kwenye karatasi nyingine, bila kuiona yangu, kisha tunalinganisha. Nawe jizoeze hivyo tangu mwaka wa kwanza.

Kuna na jingine ambalo ningelifanya kama nisingekuwa na pupa. Kabla hujagusa kisima, chukua ndoo nne za lita 20 za maji yaleyale, kila moja uitie dawa ya kiasi tofauti, ungoje nusu saa, halafu upime klorini iliyobaki. Maji yenye uchafu mwingi hula klorini nyingi kabla haijabaki ya kuua vijidudu, kwa hivyo hesabu ya karatasi peke yake haitoshi. Ndoo itakayobakiwa na karibu miligramu 0.5 kwa lita ndiyo itakayokuonyesha kipimo cha kisima. Kupima kwenyewe ni rahisi: kidonge cha DPD ndani ya mililita 10 za maji, yanageuka waridi, unalinganisha na rangi za kwenye kifaa. Mpe mama mmoja wa kijijini akishike kifaa mwenyewe, aone rangi ikibadilika. Yeye ndiye atakayewaeleza wenzake.

Kuchota sampuli

Kazi hii yaonekana ndogo, na ndiyo inayoharibu matokeo mengi. Chupa iwe imetakaswa kwa joto maabara, na ikiwa maji yana dawa, ndani yake muwe na thaiosalfeti, ambayo huizima klorini palepale. Bila hiyo vijidudu vitaendelea kufa njiani, na maabara itakuandikia maji salama kumbe sivyo. Funga chupa kwa kamba safi yenye kijiwe kizito, uishushe kisimani bila kugusa kuta, uizamishe chini ya uso wa maji. Usiijaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya hewa. Kifuniko kishike mkononi kikitazama chini. Usikiweke ukingoni mwa kisima. Andika mahali, tarehe na saa papo hapo, maana ukifika ufukweni utakuwa umeshasahau ipi ni ipi.

Halafu ni barafu na mwendo. Vitabu vyataka sampuli ifike maabara ndani ya muda wa saa 6. Bara, mwanafunzi hupanda pikipiki akafika. Kwetu huu muda hutawaliwa na maji kujaa na kupwa: kuna vijiji ambavyo maji yakipwa mtaboti, yaani boti ya injini, hautoki. Kwa hivyo uliza nahodha kwanza, kisha upange saa ya kuchota. Mimi hupenda kuchota alfajiri maji ya bahari yakiwa yamejaa, nikaondoka na mashua ileile ya wachuuzi wa samaki, ambao barafu hawaikosi. Maabarani wataotesha vijidudu, na wanachokitafuta ni kimoja: katika mililita 100 za maji ya kunywa pasiwe na E. coli hata mmoja.

Lamu iliyomo vitabuni

Nilikuwa na miaka 7 mwaka 2004. Nakumbuka kiangazi kirefu, foleni za mitungi, na mtaa mzima watu wakitembea wamejikunja kama waliobeba magunia. Bibi yangu alishikwa na homa, na viungo vyake vikamuuma miezi kadhaa. Alikuwa akishuka ngazi kwa makalio. Tulisema ni homa tu.

Miaka mingi baadaye nimekaa darasani, bara, nimejifunga shali mbili kwa baridi, mhadhiri akaonyesha ramani ya ugonjwa wa chikungunya, na mshale wa kwanza ulianzia Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa kisiwani kwetu Oktoba 2004 ulikuta robo tatu ya waliopimwa walikuwa wameambukizwa. Kutoka Lamu ukaenda Mombasa, 2005 ukafika Ngazija katika visiwa vya Komoro, ukaendelea mpaka Réunion. Jina lenyewe latoka Kimakonde, lina maana ya kupinda au kujikunja, na ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza na wataalamu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Nilimwona bibi yangu kwenye zile ngazi, pale pale darasani.

Na sababu? Wachunguzi waliuhusisha mlipuko na ukame ule: watu walihifadhi maji majumbani kwenye vyombo visivyofunikwa vyema, na Aedes aegypti hutaga kwenye maji ya namna hiyo, karibu na watu, huku akiuma mchana. Nikajiuliza mbona sisi tuliugua na birika lina samaki. Kisha nikakumbuka mapipa ya plastiki tuliyoyapanga kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, mwaka ule, moja, mbili, tatu, kwa sababu maji hayakuwa na uhakika. Birika lilikuwa na walinzi wake, na mapipa hayakuwa na kitu.

Hili nalisema ili ujue namna ya kusoma epidemiolojia, elimu ya kuenea kwa magonjwa. Wenzako watakariri fomula za uwiano wa hatari wafaulu mtihani. Wewe kila fomula itafutie mtaa wa kwenu. Nani aliugua, wapi, lini, na alitofautiana vipi na asiyeugua? Ukizoea maswali hayo manne, takwimu zitakaa zenyewe.

Mradi wa mwaka wa nne nao hutoka humo humo. Chagua kitu kidogo unachoweza kukihesabu kwa miguu yako. Mfano: viluwiluwi kwenye vyombo vya maji vya mtaa mmoja. Wahitaji kurunzi, upawa, sahani nyeupe na ruhusa ya wenye nyumba. Ukikagua nyumba 50 ukakuta viluwiluwi katika nyumba 10, kiashiria cha nyumba ni asilimia 20. Ukiwa katika nyumba hizo 50 umekuta vyombo 15 vyenye viluwiluwi, kiashiria cha Breteau, ambacho huhesabu vyombo kwa kila nyumba 100, ni 30. Kisha gawanya: mabirika yenye samaki, mabirika yasiyo nao, mapipa yenye mfuniko, mapipa wazi. Hapo una mradi, na hukuomba fedha kwa mtu. Ila usiingie nyumba ya mtu kwa kishindo cha uanafunzi. Piga hodi, kaa dakani, pale barazani mlangoni, ukaribishwe. Na ukiwa kijana wa kiume, nenda na dada yako au shangazi, maana birika liko chooni na mle ndani mna wanawake.

Masomo mengine kwa kifupi

Mikrobiolojia na vimelea ni za kukaa na hadubini mpaka macho yazoee. Hakuna njia ya mkato. Usafi wa chakula utakupeleka majikoni na machinjioni, nawe uzoee kuuliza halijoto kuliko kuangalia sakafu iliyong'aa: wali wa biriani uliopikwa asubuhi ukakaa sufuriani vuguvugu hadi usiku ni hatari kuliko ukuta uliobanduka rangi. Kuchora ramani huwashinda wengi, na utakuhitaji sana kwetu, kwa sababu mji wa kale umekuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001 na huwezi kumwambia mtu abomoe ukuta ili apitishe mtaro. Taka ni somo ambalo Lamu hulifundisha kila siku: vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hungoja, mitaro ya wazi, na mavi ya punda ambayo mvua ya masika huyashusha yote pwani.

Somo la maji ya ardhini lipe moyo wako. Maji tamu ya mji wetu hutegemea vilima vya mchanga vya Shela: mvua huzama mchangani, ikaelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini kwa sababu ni nyepesi kuliko hayo. Kanuni yake ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji tamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini ya usawa huo. Igeuze hesabu hiyo uone inavyotisha: ukivuta maji kupita kiasi yakashuka mita 1 tu, chumvi yaweza kupanda mita 40. Ukishalifahamu hilo, utawaelewa wazee wanaopiga kelele mtu akijenga kwenye vile vilima, na utaweza kuwatetea kwa karatasi.

Sheria wengi huichukia. Mimi naipenda, kwa sababu bila sheria mimi ni mpita njia mwenye maoni. Nunua nakala yako ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, uichorechore. Kifungu cha 115 chakataza mtu kusababisha kero, cha 118 chaorodhesha kero zenyewe, cha 119 chakupa uwezo wa kutoa ilani ya kuiondoa. Jifunze hivyo vitatu mpaka uweze kuvieleza kwa Kiswahili kwa mwenye hoteli aliyekasirika. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne limeziachia kaunti kazi ya taka na leseni za wauza chakula. Ukifika kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, soma uamuzi wa Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) wa tarehe 26 Juni 2019, uliofuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotaka kujengwa hapa Lamu, sababu mojawapo kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Usome neno kwa neno. Watu waliokuwa wakikaa mbele ya mabaraza yetu ndio walioukatia rufaa ule mradi.

Safari, fedha, leseni

Ukipata nafasi bara, beba sweta mbili nzito na kanzu au buibui la kitambaa kizito. Baridi ya Eldoret si maneno. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, uombe siku za mwanzo, usingoje kuambiwa na wenzako. Weka akiba ya buti za mpira, koti jeupe na nauli ya mazoezi ya kazini, kwa sababu vitu hivyo havimo kwenye karatasi ya karo. Mazoezi yenyewe, ukiweza, omba yafanyike kaunti uliyozaliwa angalau mara moja. Utafanya kazi kwa lugha yako, na makosa yako utayarekebisha kati ya watu watakaokusamehe.

Baada ya shahada kuna mwaka wa mafunzo kazini, usajili wa Baraza, na leseni ya kuhuishwa. Kazi za kaunti huchukua muda kutoka, nami niliingoja. Wakati ule nilifanya ukaguzi wa jikoni kwenye hoteli moja, na kufundisha wapishi kuosha mikono kulinilisha vizuri. Kampuni za maji, bandari na miradi ya maji vijijini nazo huajiri.

Likizo yako ya kwanza ukirudi nyumbani, nunua mita ya kupimia ya urefu wa mita 30. Shika ncha moja ukingoni mwa kisima chenu, mpe mdogo wako ncha ya pili, aende nayo mpaka shimo la choo lililo karibu, lenu au la jirani. Vitabu vyataka choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na mwamba wetu wa matumbawe una matundu, maji hupita upesi kuliko kwenye udongo wa mfinyanzi. Andika mlichopata, pamoja na tarehe, kina cha maji na kama yana chumvi, na urudie kila kaskazi na kila masika. Kwetu mdogo wangu alifika chooni na mita nyingi zikabaki mkononi. Hatukukifunga kisima, ni cha kuoshea na kumwagilia mpaka leo, na maji ya kunywa tunayatia dawa kwenye mtungi wenye mfuniko na bomba. Birikani tumerudisha samaki.